Gari Linapozeeka na Matumizi ya Mafuta Yanapopanda: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kurekebisha

Malalamiko ni yale yale kuanzia Mtwapa hadi Miritini. Gari lililokuwa likimaliza wiki kwa mafuta ya elfu tatu sasa halifiki Alhamisi. Fundi amebadilisha plagi, kichujio cha hewa na hata pampu ya mafuta. Fedha zimekwisha, na mshale wa dashibodi bado unashuka vile vile. Kosa hutokea mahali pamoja kila mara. Mwenye gari huanza kurekebisha kabla ya kupima, kwa hiyo hajui alianzia wapi, na hata akibahatika kurekebisha kitu sahihi hana njia ya kujua kwamba amefanikiwa.

Jambo la kuelewa kabla ya kushika spana ni kwamba umri wenyewe hauli mafuta mengi. Injini mpya huchukua kilomita elfu kadhaa kabla ya sehemu zake kuzoeana, na katika kipindi hicho matumizi hupungua kidogo. Baada ya hapo, gari linalotunzwa hukaa karibu na kiwango chake kwa miaka mingi. Kinachoharibika ni kifaa kimoja kimoja, kila kimoja kwa wakati wake. Kwa Mombasa vifaa hivyo huchoka mapema, kwa sababu magari yetu mengi huteremshwa bandarini yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka inayokaribia minane, ambayo ndiyo kikomo cha sheria ya Kenya, kisha yanaanza maisha ya pili katika joto, foleni na hewa ya chumvi.

Mwongozo huu ni wa magari madogo ya petroli yanayotumia injekta. Magari ya dizeli yana habari zake.

## Vitu unavyohitaji

- Daftari dogo lisilotoka garini, pamoja na kalamu.
- Kipimo cha upepo wa matairi kilicho chako mwenyewe.
- Simu yenye programu ya ramani inayoweza kupima umbali.
- Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha taarifa kwenye simu. Ukikikosa, mlipe fundi mwenye mashine, lakini mwambie akuonyeshe namba zenyewe badala ya kukusomea makosa tu.
- Jeki, stendi mbili za kushikilia gari, kabari za kuzuia magurudumu na spana ya nati za magurudumu.
- Kitabu cha gari, au angalau kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva.
- Muda wa kutumia matangi matatu ya mafuta kabla ya kubadilisha chochote.

## Hatua ya 1: Pima kwa tangi lililojaa, wala si kwa shilingi

Desturi yetu ya kusema "weka ya elfu moja" ndiyo inayoharibu vipimo. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei za juu za mafuta kila mwezi, nazo huanza kutumika tarehe 15, kwa hiyo elfu moja ya wiki iliyopita huenda si lita zile zile za wiki hii. Mshale wa dashibodi nao haushuki kwa kipimo sawa: katika magari mengi nusu ya kwanza huenda polepole na nusu ya pili hukimbia. Kukisia matumizi kwa mshale huo ni sawa na kupima mchele kwa macho.

Fanya hivi. Nenda kwenye kituo kimoja, pampu moja, na uliegeshe gari likielekea upande ule ule kila mara, kwa sababu sakafu ya kituo ikiinama kidogo tangi hujaa kwa kiwango tofauti. Mwombe mhudumu ajaze hadi bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, kisha asiongeze hata tone. Wahudumu wengi hupenda kuongeza ili hesabu ifikie shilingi kamili. Mweleze mapema, kwa upole, kwamba safari hii unataka lita na utalipa hata kama hesabu ina senti. Andika tarehe na kilomita zilizo kwenye mita.

Endesha kama kawaida mpaka utumie zaidi ya nusu ya tangi. Rudi kwenye pampu ile ile, jaza kwa namna ile ile, na uandike lita na kilomita. Tuseme mwanzo mita ilisoma 148,210, sasa inasoma 148,572, na pampu imetoa lita 31.4. Umetembea kilomita 362. Gawanya 362 kwa 31.4 na utapata takriban kilomita 11.5 kwa kila lita.

Sababu ya kutumia zaidi ya nusu ya tangi ni hii: kosa la lita moja katika kujaza ni asilimia 3 tu ukiwa umeweka lita 31, lakini ni zaidi ya asilimia 12 ukiwa umeweka lita 8. Hata hivyo usiliache gari hadi taa ya mafuta iwake kila mara. Pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, na tangi likikaa likiwa karibu tupu pampu hiyo huchoka upesi.

Utajua umefaulu matangi matatu yanapotoa majibu yanayokaribiana. Tofauti ya asilimia 5 kati ya tangi na tangi ni ya kawaida, na ina maana kubwa kwa kazi yote inayofuata: marekebisho yanayookoa asilimia moja au mbili hayataonekana daftarini hata yakiwa ya kweli. Yafanye kwa sababu ni ya busara, lakini usiyatafutie ushahidi katika tangi moja.

Kuanzia hapa, kanuni ni kubadilisha kitu kimoja, kisha kupima tena. Fundi anayebadilisha vitu vitano kwa siku moja huenda akakuponya, ila hutajua ni kipi kilichoponya na ni vinne vipi ulivyolipia bure.

## Hatua ya 2: Hakikisha mita inasema kweli

Mita huhesabu mizunguko ya magurudumu, haiijui barabara. Ukibadilisha ukubwa wa tairi, umebadilisha kilomita. Gari lililotengenezwa kwa tairi za 175/65R14 likivishwa 185/65R14, gurudumu linakuwa kubwa kwa takriban asilimia 2.2, na mita inahesabu pungufu kwa kiasi hicho hicho. Dereva ataona matumizi yamepanda ilhali ni hesabu iliyobadilika.

Kuchakaa kwa tairi kunafanya kinyume chake. Tairi jipya lina kashata, yaani meno yanayoshika barabara, za milimita 8 hivi, na likifikia milimita 1.6 mzunguko wake umepungua kwa takriban asilimia 2, kwa hiyo gari lenye matairi kipara huonekana likienda mbali zaidi kwa lita. Ndiyo sababu watu husema kwamba tangu wanunue matairi mapya gari limeanza kula mafuta. Sehemu ya maneno hayo ni kweli, kwani kashata nene huongeza mkokoto wa tairi barabarani. Sehemu iliyobaki ni mita.

Pima hivi: washa simu irekodi umbali kwenye barabara iliyonyooka kiasi, kwa mfano kutoka Mtwapa kuelekea Kilifi, kwa kilomita 20 au zaidi, kisha linganisha na mita. Mtu mwingine aishike simu, usiishike wewe uliye kwenye usukani. Mita ikizidi au kupungua kwa asilimia fulani, tumia asilimia hiyo kusahihisha hesabu zako zote.

Jambo jingine la hapa ni kulinganisha gari na kitu kinachostahili. Namba nzuri zilizotangazwa Japani kwa magari ya miaka ya 2000 zilitokana na kipimo kiitwacho 10-15, ambacho kilifanywa maabara, injini ikiwa tayari imepata moto, kwa kasi isiyozidi kilomita 70 kwa saa. Kipimo cha JC08 kilichokifuata kilikuwa kigumu zaidi, na cha WLTC kilichoanza kutumika huko mwaka 2018 kigumu kuliko vyote viwili. Gari lililoandikiwa kilomita 20 kwa lita halijaugua kwa sababu tu linakupa 13 kati ya Kongowea na Mwembe Tayari. Linganisha gari lako na lenyewe.

## Hatua ya 3: Tenganisha foleni na ugonjwa

Injini ndogo ikinguruma gari likiwa limesimama hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na zaidi kiyoyozi kikiwashwa. Chukua kadirio la lita 0.8. Mtu anayekaa nusu saa kwa siku kwenye foleni ya feri ya Likoni au pale Kibarani, siku 25 kwa mwezi, anachoma lita 10 bila kusogea. Kwa gari la kilomita 12 kwa lita, hizo ni kilomita 120 zilizopotea, na hakuna plagi itakayozirudisha.

Kwa hiyo andika daftarini njia ulizopita. Mkazi wa Diani anayevuka kwa feri wiki moja na kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu wiki inayofuata hana matangi mawili ya kulinganisha. Ana safari mbili tofauti. Vivyo hivyo tangi la Machi, kiyoyozi kikiwa hakizimwi, lisilinganishwe na tangi la Julai.

Kiyoyozi chenyewe huzeeka. Kondensa iliyo mbele ya rejeta huziba kwa vumbi na chumvi, kompresa inakosa kupumzika, na feni inazunguka bila kukoma. Ioshe kondensa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kwa maana presha ya mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi yake membamba. Baridi ikiwa hafifu hata baada ya kuosha, gesi ipimwe kwa mashine. Kuongeza gesi kwa kukisia huleta presha kubwa mno na kuizidishia injini mzigo.

Utajua umefaulu ukisimama na kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa muda, usikie kompresa ikishika na kuachia. Magari mapya zaidi yana kompresa isiyobisha hivyo. Kwa hayo, tegemea baridi inayotoka na vipimo vya fundi.

## Hatua ya 4: Matairi na upepo

Pima upepo asubuhi kabla ya kuendesha. Tairi lililotoka Bamburi hadi mjini limepata joto, na kipimo chake huweza kuzidi kwa psi (kizio cha presha ya upepo) 3 au 4, kwa hiyo mhudumu anayepunguza "upepo uliozidi" kituoni anakuacha na tairi lenye upungufu kesho yake.

Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa, kizio kingine cha presha: 220 kPa ni psi 32, na 240 kPa ni psi 35. Usitumie namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi; hiyo ni kikomo cha tairi, wala haihusu gari lako.

Takwimu za serikali ya Marekani zinakadiria kwamba kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote manne hupunguza umbali wa kila lita kwa takriban asilimia 0.2. Upungufu wa psi 8 ni asilimia 1.6, ambao daftari lako halitauona. Upepo urekebishwe hata hivyo, kwa ajili ya breki na uhai wa tairi.

Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, ina uzito zaidi. Tairi linalovutwa kwa upande hukwaruza lami badala ya kuviringika, na dalili yake ni kashata zilizolika upande mmoja, au makali unayoyahisi ukipitisha kiganja kwenye tairi kutoka nje kwenda ndani. Fanya alaimenti baada ya kubadilisha bushi na bolijointi zilizochoka, kwa kuwa ukiifanya kabla yake haitadumu.

## Hatua ya 5: Breki zinazoshika bila kukanyagwa

Hapa ndipo pwani inapojitofautisha na bara. Kalipa ya breki, kibano kinachobana pedi kwenye diski, huteleza juu ya pini mbili zenye grisi. Hewa ya chumvi na maji ya mvua yanapopenya mpira uliochanika, pini hushika kutu, na pedi haziachii diski. Gari hukokota breki siku nzima na dereva hana habari. Breki ya mkono nayo hufanya hivyo, hasa kebo yake inapokauka.

Kwanza jaribu kwa joto. Endesha kilomita kumi hivi kwenye barabara isiyo na foleni, kisha liache gari lipunguze mwendo lenyewe na usimame kwa kugusa breki kidogo tu. Zunguka magurudumu yote manne na usogeze kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umelipata lenye kasoro. Usiiguse diski kamwe. Inaweza kukuunguza ngozi papo hapo.

Kisha thibitisha kwa mkono. Egesha mahali tambarare na pagumu, kwani mchanga na udongo laini hauaminiki chini ya jeki. Weka kabari kwenye magurudumu yatakayobaki chini, inua gurudumu, weka stendi, gia ikiwa huru, na ulizungushe. Kwa magurudumu ya nyuma, hakikisha breki ya mkono imeachiwa. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Pini zilizoganda husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya bearing huvimbisha mipira ya kalipa, na baada ya miezi michache unarudi kule kule ukiwa na tatizo kubwa zaidi. Kama pistoni ya kalipa ndiyo iliyoshika kutu, kazi hiyo mwachie fundi wa breki.

Utajua umefaulu gurudumu linapozunguka mara kadhaa kwa msukumo mmoja, likitoa mkwaruzo mwepesi tu. Breki iliyokuwa imeshika sana ni miongoni mwa marekebisho machache ambayo tangi moja linatosha kuyaonyesha.

## Hatua ya 6: Themostati iliyotolewa

Ningeambiwa nichague hatua moja tu kwa magari ya Mombasa, ningechagua hii. Gari likichemka, fundi mwenye haraka hutoa themostati na kusema kwamba huku pwani kuna joto, kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Kipimo cha dashibodi hushuka, mteja hufurahi, na kuanzia siku hiyo matumizi ya mafuta hupanda bila mtu kuhusisha mambo hayo mawili.

Themostati huyazuia maji yasizunguke hadi kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Katika magari mengi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 88 za Selsiasi. Ikiondolewa, maji huzunguka tangu mwanzo, na gari likishika kasi upepo huipoza injini chini ya kiwango. Kompyuta inaposoma joto la chini hudhani injini ndiyo kwanza imewashwa, ikaongeza petroli. Oili inabaki nzito. Na petroli isiyochomeka huosha kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Joto la Mombasa la nyuzi 32 halibadilishi chochote hapa, kwa sababu injini inahitaji karibu nyuzi 90.

Mshale wa dashibodi hautoshi kugundua jambo hili, kwa kuwa katika magari mengi hukaa katikati kwa masafa mapana ya joto, na baadhi yana taa ya bluu tu. Chomeka kifaa cha kusomea, tafuta joto la kulanti (maji ya kupozea injini), na uendeshe asubuhi injini ikiwa baridi. Katika dakika kumi hivi za mwendo linapaswa kuvuka nyuzi 80, kisha litulie kati ya 85 na 95 hata kwenye barabara ya wazi. Likipanda kwenye foleni na kuanguka hadi 65 au 70 ukishika kasi, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Kosa la P0128 likionekana, linasema jambo hilo hilo.

Onyo la kwanza: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Maji yaliyo chini ya presha huruka yakiwa yanachemka.

Onyo la pili: usirudishe themostati kabla ya kujua kwa nini ilitolewa. Huenda rejeta imeziba, feni imekufa, au gasketi ya silindahedi inavuja, na kasoro hiyo ingali ipo. Hakikisha feni inawaka yenyewe joto linapofikia kiwango chake, na kwamba haikuunganishwa moja kwa moja na swichi ili izunguke muda wote, kwa sababu hilo nalo ni mzigo wa bure kwa alternata.

Ukijaza upya, tumia kulanti iliyochanganywa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mtungi. Maji ya kisima ya Mombasa yana chumvi. Huacha magadi ndani ya rejeta na kula alumini ya injini, na hapo ndipo safari ya kuchemka na kutoa themostati huanza upya.

Utajua umefaulu joto linapotulia mahali pamoja mjini na barabara kuu, na daftari linapoonyesha nafuu katika safari fupi kuliko katika ndefu.

## Hatua ya 7: Soma kompyuta kabla ya kununua sensa

Kifaa kikiwa bado kimechomekwa, tafuta namba mbili zinazoonyesha marekebisho ya petroli: ya muda mfupi na ya muda mrefu, zote kwa asilimia. Hizi ni kauli ya kompyuta kuhusu kiasi cha petroli inachoongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomwi na vifaa vya bei nafuu. Kwa hayo itabidi umtafute fundi mwenye mashine ya aina ya gari lako.

Injini ikiwa na moto, namba ya muda mrefu ikikaa kati ya kasoro 5 na kuzidi 5, achana na habari za sensa. Ikivuka 10 kwa upande wowote, kuna kazi. Inapozidi juu, kompyuta inaongeza petroli kwa sababu inaona hewa nyingi: tafuta mpira wa hewa uliopasuka baada ya kichujio, sensa ya hewa iliyoshika uchafu, au pampu ya mafuta dhaifu. Inaposhuka chini ya kasoro 10, petroli imezidi: tafuta injekta inayovuja, presha ya mafuta iliyopita kiasi, au sensa iliyopotoka. Makosa ya P0171 na P0172 ni majina ya hali hizo mbili.

Sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, kabla ya kisafisha moshi, huzeeka kwa kuwa mzito wa kujibu. Taarifa za serikali ya Marekani hutaja kwamba kurekebisha kasoro kubwa kama sensa hiyo iliyokufa kunaweza kuboresha matumizi kwa hadi asilimia 40, lakini namba hiyo ni kilele. Usiitegemee kwa sensa iliyochoka kidogo. Kabla ya kuinunua, chomoa soketi yake na uitazame kwa tochi. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, chumvi imeingia, na huenda kusafisha soketi kukamaliza kazi.

Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu tu. Dawa ya kusafishia kabureta huiharibu. Taa ya injini ikimetameta ukiwa unaendesha, maana yake silinda inakosa kuchoma, na petroli mbichi inakiunguza kisafisha moshi. Punguza mwendo na utafute fundi siku hiyo hiyo.

Usikubali kosa lifutwe tu na gari likabidhiwe. Kufuta hakurekebishi kitu.

## Hatua ya 8: Plagi, kichujio na oili

Vitu hivi hubadilishwa mwanzo na kila mtu, nami nimeviweka huku kwa makusudi.

Plagi za iridiamu hudumu karibu kilomita 100,000, za kawaida hazifiki popote karibu na hapo. Nunua kwa muuzaji unayemwamini, maana plagi bandia zenye boksi zuri ni nyingi.

Kichujio cha hewa kina sifa kuliko kinavyostahili. Utafiti wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika magari ya kisasa yenye injekta kichujio kichafu hupunguza nguvu ya kuchomoka lakini karibu hakigusi matumizi ya mafuta, kwa kuwa kompyuta hulinganisha petroli na hewa iliyopo. Kibadilishe kwa ajili ya injini.

Oili ifuate kitabu. Injini iliyoundwa kwa 0W-20 au 5W-30 ikitiwa 20W-50 kwa sababu "gari limezeeka" inasukuma uzito usiokuwa wake kila sekunde. Kama inakula oili, hilo ni suala la hatua ya 10.

Dawa za kumimina tangini, sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vijisanduku vya kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta usivinunue. Mamlaka ya mazingira ya Marekani imechunguza vifaa zaidi ya mia moja vya aina hiyo bila kupata kinacholeta nafuu ya maana.

## Hatua ya 9: Giaboksi, na magari ya haibridi

Giaboksi ya otomatiki ikichelewa kushika gia ya juu, au mizunguko ya injini ikipanda ukiwa kwenye mwendo mmoja tambarare, mafuta yanapotea humo. Angalia oili ya giaboksi: ikinuka kuungua, imekwisha. Giaboksi za CVT, zile za otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua, zina oili yake pekee. Oili ya otomatiki ya kawaida huziua.

Kwa haibridi, yaani gari linalotumia petroli pamoja na betri, kama Toyota Aqua au Prius, safisha kwanza kichujio cha feni ya betri, kilicho karibu na kiti cha nyuma. Kikiziba, betri hupata joto, kompyuta huipunguzia kazi, na injini ya petroli hubeba zaidi.

## Hatua ya 10: Injini yenyewe imechoka?

Ukifika hapa na daftari bado linaonyesha hasara inayozidi asilimia 10, mwombe fundi apime mgandamizo wa silinda. Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, mfumo wa petroli uzimwe, na kanyagio likanyagwe hadi mwisho wakati stata inazungusha. Injini nyingi za petroli zilizo salama husoma kati ya bari 10 na 14, lakini namba sahihi ni ya kitabu cha gari lako, na tofauti kati ya silinda zisizidi asilimia 15 hivi.

Silinda moja ikiwa chini, fundi atie oili kijiko kimoja ndani yake na kupima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni ndizo zilizolika. Usipopanda, valvu hazifungi vizuri au gasketi imeungua. Matokeo hayo mawili yana gharama tofauti sana, kwa sababu valvu na gasketi hurekebishwa kwa kufungua kichwa cha injini peke yake, wakati ringi zinadai injini nzima ishushwe.

Kabla ya kukubali kuishusha, piga hesabu kwa namba za daftari. Gari lililoshuka kutoka kilomita 13 hadi 11.5 kwa lita, likitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, limeongeza takriban lita 10 kwa mwezi. Zidisha lita hizo kwa bei ya pampu ya mwezi huu, kisha ugawanye gharama ya injini kwa jibu utakalopata: hiyo ndiyo idadi ya miezi itakayopita kabla fedha hazijarudi. Ikiwa gari halitoi moshi wa bluu na halimalizi oili kati ya sevisi na sevisi, mara nyingi hesabu itakwambia uliache kama lilivyo.